Jezi za misimu ijayo: kitambaa kipi kinafaa kuagizwa sasa?

VifaaUmoja

Salamu wadau. Akademia ya mtaani ina timu nne: wavulana chini ya miaka 13, chini ya miaka 15, wasichana, na wakubwa. Seti ni 88 kwa jumla, jezi na bukta. Zinatakiwa zidumu misimu mitatu, mazoezi yakiwa kwenye murramu mara tatu kwa wiki na nguo zikifuliwa kwa mkono kwenye beseni. Mdhamini anataka "jezi za kesho" kabla AFCON ya 2027 haijaingia hapa kwetu, na wauzaji wameshamjaza maneno: poliesta ya chupa, kitambaa cha mahindi, kitambaa kinachopoza mwili, jezi inayosoma mapigo ya moyo.

Lipi kati ya hayo litakuwepo miaka mitano ijayo na lipi ni la kuuzia tu? Tuende na gramu ngapi? Na nikiwa dukani bila maabara, nitajuaje kwamba ninachopewa ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi?

FundiPresi

Bosi, kabla ya yote muulize muuzaji: hicho kitambaa kinastahimili joto la nyuzi ngapi?

Jezi nyingi za timu hapa mjini huchapishwa kwa sablimesheni. Mchoro unachapwa kwenye karatasi kwa wino maalum, karatasi inalazwa kifudifudi juu ya poliesta nyeupe, presi (mashine ya kukandamiza kwa joto) inashuka kwa nyuzi 195 hadi 205 za Selsiasi kwa sekunde 45 hadi 60. Wino unageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa majimaji, unapenya ndani ya uzi, na uzi ukipoa unaufungia humo humo. Ndiyo maana mchapo huo haubanduki wala hauachi ngozi ya plastiki juu ya kifua.

Poliesta huyeyuka karibu nyuzi 255, kwa hiyo ina nafasi ya kutosha. Kitambaa cha mahindi mnachotajiwa ni PLA: sukari ya mahindi inachachushwa kuwa asidi ya laktiki, kisha inageuzwa plastiki na kuvutwa kuwa uzi. Huanza kulegea karibu nyuzi 60 na kuyeyuka kati ya 150 na 175. Kiweke chini ya presi yetu ukitoe kikiwa kimeng'aa kama mfuko wa mkate. Hata pasi ya nyumbani itakiharibu. Nailoni inayotokana na mafuta ya mbarika ni bora zaidi, ni imara na nyepesi, lakini nayo huyeyuka karibu 190. Mpaka vitambaa hivyo vije na njia yake ya kuchapa isiyotaka joto kubwa, jezi ya timu itabaki poliesta. Wala si kwa mapenzi. Mashine zilizopo ndizo zinazoamua.

Sablimesheni nayo ina makosa yake, na yote yana sababu. Bluu iliyokolea ikitoka na zambarau, joto au muda umezidi. Ukiona vidoa vidogo vya samawati vilivyotapakaa, karatasi au kitambaa kilikuwa na unyevu, na mvua za Aprili zinapoanza vidoa hivyo huongezeka; kitambaa kipigwe presi kikavu sekunde 5 kwanza, na karatasi zikae kwenye mfuko uliofungwa. Kivuli pembeni mwa herufi maana yake karatasi ilisogea presi ilipoinuliwa, na tepu ya joto ndiyo dawa. Halafu poliesta hunywea asilimia 1 hadi 3 kwa joto hilo. Vipande vikatwe baada ya kuchapwa. Fundi anayekata kwanza atakuletea mkono wa kulia mrefu na wa kushoto mfupi, kisha akulaumu ulivyochukua vipimo.

RefaWaJioni

FundiPresi ametaja chujio la joto. Lipo na la sheria, nalo limewahi kuzima vitu vilivyokuwa vimeshashinda.

Mwaka 2008 waogeleaji waliingia Beijing na vazi la Speedo LZR Racer, lenye paneli za poliurethani na viungo vilivyounganishwa bila uzi. Mwaka uliofuata mashindano ya dunia ya Rome yakatoa rekodi 43 za dunia, mavazi yakiwa yameshafika hatua ya kuwa plastiki tupu. Kuanzia Januari 2010 shirikisho la kuogelea likarudisha kitambaa: wanaume kiunoni hadi magotini, wanawake mabegani hadi magotini. Kwenye riadha, viatu vya barabarani vikawekewa kikomo cha soli ya milimita 40 na sahani moja ngumu ndani yake. Vya uwanjani, tangu Novemba 2024, ni milimita 20.

Soka yetu ya Afrika ina mfano wake. Cameroon walivaa jezi zisizo na mikono AFCON ya 2002, FIFA ikazikataa kwa Kombe la Dunia la mwaka ule ule, wakalazimika kuongeza mikono myeusi. Mwaka 2004 wakaja na vazi la kipande kimoja, jezi na bukta zimeungana, wakakatwa pointi 6 ambazo baadaye walirudishiwa. Sheria ya 4 ya soka, ile ya mavazi na vifaa vya mchezaji, inataka jezi yenye mikono. Fulana ya ndani ifanane na rangi kuu ya mkono wa jezi. Taiti zifanane na rangi kuu ya bukta au ya pindo lake la chini. Mchoraji akikuletea jezi ambayo mkono wake una rangi nne, muulize fulana ya ndani itafuata ipi.

UziNaPindo

Nakubaliana na hao wawili, ila mazungumzo yenyewe yako mahali pengine. Mabadiliko makubwa yanayokuja ni kwamba jezi itaanza kuchorwa kwa kufikiria siku itakapotupwa.

Poliesta ya chupa ni PET ile ile, plastiki ya chupa za maji ambayo ndiyo poliesta yenyewe. Kwa macho, kwa moto, hata kwa mizani, huwezi kuitofautisha na mpya. Nike walishawavisha timu zao za taifa jezi za namna hiyo Kombe la Dunia la 2010, hadi chupa nane kwa jezi moja, kwa hiyo si ngeni. Anayekuuzia aonyeshe cheti cha GRS (kiwango cha kimataifa cha bidhaa zilizorejelezwa), na zaidi ya hicho cheti cha shehena chenye jina la mnunuzi na kilo zilizotumwa. Cheti cha kiwanda peke yake hakisemi lolote kuhusu roli uliyoishika. Asipokuwa nacho, lipa bei ya poliesta ya kawaida na msigombane.

Lakini chupa ilikuwa na uwezo wa kurudi kuwa chupa. Ikishakuwa jezi yenye spandeksi (uzi unaonyooka kama mpira) asilimia 5, namba za vinili, nembo ya mpira na uzi wa pamba, hakuna anayeweza kuirudisha kuwa uzi kwa gharama inayoeleweka. Spandeksi inachafua poliesta inapoyeyushwa, na vinili vivyo hivyo. Viwanda vinavyojaribu kugeuza jezi kuwa jezi vinatafuta nguo ya nyuzi za aina moja. Kwa hiyo jezi yenye maisha marefu mbele yake ni poliesta asilimia 100: kitambaa, uzi wa kushonea, lebo, utepe wa shingoni, na nembo iliyochapwa badala ya kubandikwa. Mpira wa kiuno cha bukta ndio unaobaki nje. Ushonwe ndani ya mfereji wenye mlango ili uvutwe na kutolewa. Hilo pia linasaidia mpira ukilegea katikati ya msimu.

"Mchezaji atanyooshaje mkono bila spandeksi?" Kufuma kwenyewe kunanyooka. Intaloki nzuri (kitambaa kilichofumwa safu mbili zilizofungamana) ya uzi uliosokotwa kwa joto hunyumbuka vya kutosha kwa soka. Kipa, au taiti, wanaweza kutumia uzi wa PTT, jamaa wa poliesta ambaye sehemu yake moja hutokana na mimea. Hunyooka na kurudi bila spandeksi. Huyo huyeyuka karibu nyuzi 228, kwa hiyo FundiPresi ashushe joto na ajaribu kipande kwanza.

Gramu: jezi ya mechi 140 hadi 150 kwa mita ya mraba, ya mazoezi kwenye murramu 160 hadi 180. Chini ya 120 ni nyepesi kweli, ila msumari mmoja wa njumu unaichana. Angalia pia matundu ya nyongani mwa bukta za wachezaji wa murramu: kingo zake huwa ngumu na zinang'aa. Bukta haikukwaruzika tu, iliyeyuka kwa msuguano. Bukta nzito kidogo, au paneli ya safu mbili nyongani, ndiyo tiba.

Majaribio ya dukani sasa. Chukua mkasi, rula na mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, pima, zidisha kwa 100. Ukisoma gramu 1.42, kitambaa ni 142. Wauzaji wengine huandika 160 wakakupa 130. Tofauti hiyo inatoka mfukoni mwako. Kisha choma uzi kwa kibiriti ukiushika kwa koleo: poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu, pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ukiona jivu na shanga pamoja, ni mchanganyiko, na sablimesheni itatoka imefifia kwa sababu wino haushiki pamba.

La tatu ni jasho. Poliesta yenyewe hainywi maji, hubeba kama asilimia 0.4 ya uzito wake wakati pamba hubeba karibu 8. Inachofanya ni kuyasafirisha kati ya nyuzi mpaka yakauke nje. Kata ukanda wa upana wa sentimita 2.5 na urefu wa 20, ning'iniza, chovya ncha kwenye maji yenye rangi ya chakula, soma urefu wa maji baada ya dakika 10. Fua ukanda mwingine wa roli hiyo mara tano kwa sabuni ya kawaida, rudia. Maji yakipanda nusu tu ya mwanzo, ulikuwa umeuziwa dawa iliyopakwa juu, na dawa imekwenda na povu. Uzi wenye mifereji kwenye umbo lake hautegemei dawa. Kitu kingine kinachoua safari hiyo ni maji ya kulainishia nguo: huupaka uzi mafuta. Yasikaribie jezi, na Jik pia isikaribie.

Kuhusu "kupoza mwili": kuna vidonge vidogo vya nta vinavyoyeyuka karibu nyuzi 28 na kumeza joto vinapoyeyuka. Vikishayeyuka vyote kazi imeisha mpaka vipoe tena, na hiyo ni dakika chache. Kwa mechi ya dakika 90 saa nane mchana, neti nzuri mgongoni inafanya zaidi, kwa pesa kidogo.

MzeeWaGikomba

Mtumba tu. Jezi ya poliesta ya miaka kumi na tano iliyopita bado inavaliwa, mnataka nini kingine?

UziNaPindo

Mzee, hapo umesema kweli kuliko unavyodhani. Uzi mrefu usiokatika, uliofumwa kwa kubana, haupotezi nyuzi nyingi unapofuliwa. Zinazomwaga plastiki kwenye maji ni fulana zilizokwanguliwa ziwe laini, zile za manyoya ya ndani. Ila seti 88 zinazolingana hutazipata kwenye robota.

DadaWaUlinzi

Hakuna aliyegusa timu ya wasichana, na huko ndiko mambo yamebadilika haraka kuliko kwenye maabara yoyote.

Kwanza rangi ya bukta, kwa ajili ya siku za hedhi. England wanawake waliacha bukta nyeupe mwaka 2023 wakachukua bluu, na Wimbledon mwaka huo huo ikaruhusu kaptura za ndani za rangi iliyokolea. Kwa seti zenu: bukta nyeusi au bluu iliyokolea, haina mjadala, na haiongezi gharama.

Pili, kaptura ya ndani inayozuia kuvuja. Ina safu tatu: ya juu inayopitisha unyevu, ya kati inayonyonya, na ya chini yenye utando mwembamba wa poliurethani unaopitisha hewa lakini si maji. Fundi wa kawaida anaweza kuishona, ila kosa linalorudiwa ni kupitisha sindano katikati ya eneo la kunyonya. Kila tundu la sindano kwenye utando ni mlango. Mshono ukae pembeni tu, ndani ya sentimita moja ya ukingo, kwa sindano ya ncha ya mviringo namba 70 au 75. Kufua: maji baridi kwanza, kwa sababu ya moto huifanya damu igande kwenye uzi, kisha sabuni, na kuanika kivulini. Muulize muuzaji wazi kama kuna PFAS, kemikali za florini zisizooza. Ufaransa imezipiga marufuku kwenye nguo kuanzia Januari 2026, na California tangu 2025, kwa hiyo kiwanda kinachouza nje kitakuwa na jibu la maandishi. Swali hilo hilo liulizwe kwa jaketi za mvua za benchi, maana kemikali hizo ndizo zilizokuwa zikifanya maji yateleze juu ya kitambaa.

Tatu, patani. Jezi ya wasichana si ya wavulana iliyopunguzwa saizi. Bega linaingia ndani, kiuno kinabana, nyonga inapanuka, na tundu la kwapa linapanda. Ukiona karatasi ya saizi ina "S, M, L" moja kwa timu zote nne, rudisha. Wanaovaa hijabu wapate ya kitambaa kile kile cha jezi, ya kuvutia kichwani bila pini. FIFA iliiruhusu tangu 2014.

KifaaMgongoni

Kwa upande wa vihisi nitawaokolea pesa. Vesti za GPS zipo, zinafanya kazi, na zitaendelea kuwepo. Kifaa hukaa kati ya mabega ili kione anga, na vingi husoma mahali mara 10 kwa sekunde. Lakini ni vesti ya ndani. Jezi haihusiki.

Jezi yenye vihisi vilivyofumwa ndani ni habari nyingine. Mapigo ya moyo husomwa kwa nyuzi za nailoni zilizopakwa fedha, ambazo lazima zibane ngozi. Jezi ya mechi haibani, kwa hiyo kila hatua kitambaa kinateleza na kusoma kelele. Jasho lina chumvi, fedha inachakaa, na beseni la kufulia linamaliza kilichobaki. Panapokatika zaidi ni pale kitu kigumu kinapokutana na kilaini: kifungo cha chuma kinachounganisha uzi na betri. Uzi hujikunja mara elfu mahali pale pale mpaka unakatika. Mkitaka takwimu, nunueni vesti sita za kuzungushana kati ya timu, msiguse jezi. Kwenye mechi rasmi vesti hizo lazima ziwe za kiwango kinachokubaliwa na waandaaji, chini ya Sheria ya 4 hiyo hiyo.

Na jambo la mdhamini: mapigo ya moyo ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka kwenye kundi nyeti. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 mnahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Mdhamini akitaka kuziweka kwenye tangazo, mwambieni hapana.

VifaaUmoja

Nimewaelewa, asanteni. Limebaki moja. Mdhamini amepata jezi nyekundu zilizokwisha kushonwa, poliesta safi, bei nzuri. Anataka tuongeze tu namba nyeupe na nembo kwa DTF, ile ya kuchapa kwenye filamu kisha kubandika kwa gundi na joto. Kuna ubaya?

FundiPresi

Upo, nao huonekana baada ya siku mbili tatu, ukishalipa. Namba nyeupe itageuka waridi.

Rangi iliyotumika kiwandani kuipaka poliesta nyekundu ni ya ukoo mmoja na wino wetu wa sablimesheni: ikipata joto, inaamka na kuwa mvuke. Presi ya DTF ni nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15. Nyekundu inapanda, inaingia kwenye gundi ya namba, na inaendelea kupanda polepole jezi zikiwa zimebanana kwenye katoni. Nyekundu na hudhurungi ndizo korofi kuliko zote. Mkilazimika, tumieni unga wa gundi wa joto la chini, karibu nyuzi 130, au filamu yenye safu nyeusi ya kuzuia chini ya nyeupe. Bandika namba moja, iache siku tatu mahali penye joto, ndipo uamue kuhusu 87 zilizobaki. Na kumbuka alichosema UziNaPindo: hiyo DTF ni plastiki ngeni juu ya jezi ambayo ingekuwa safi.

Mngekuwa wangu ningeanza na poliesta nyeupe, intaloki ya 150 kwa mechi, rangi nyekundu na namba zote zichapwe pamoja. Nyekundu ya sablimesheni haiwi kali kama ya kiwandani, ukweli ni huo, na mdhamini aone sampuli kabla hajapenda picha ya kompyuta. Mshono wa ovaloki ya nyuzi nne, mishono 10 hadi 12 kwa inchi, uzi laini uliosokotwa wa poliesta kwenye lupa (ndoano za uzi za mashine hiyo) ili kwapa lisikwaruze.

Dai jezi moja kamili ya sampuli, si kipande. Ifueni mara kumi, muivute mshono mpaka usikie, mupime tena urefu wa mgongo. Ikipungua zaidi ya asilimia 3 kitambaa hakikupigwa joto vizuri. Nunua mita tano za ziada za roli hiyo hiyo, kwa sababu weupe wa roli moja na nyingine haufanani na mchezaji mpya atakuja Machi. Faili la mchoro chukueni wenyewe katika umbo la vekta, na nyuma ya sampuli iandikwe kwa kalamu isiyofutika: joto, sekunde, aina ya karatasi, na tarehe ya roli.